Darasa la Fizikia la Mtu Mmoja

Wenzangu mliozaliwa wakati betri za redio zikianikwa juani ili zipate nguvu ya kumalizia taarifa ya habari, haya ninayaandika kwa ajili yenu. Vijana wakiyasoma watadhani natunga.

Enzi zetu, huku kwetu Marani, mtoto hakununuliwa kitu cha kuchezea. Tulikata kipande cha mgomba, tukakikalia wawili wawili na kuteremka nacho kilima chote hadi chini kwenye majani chai, nguo zikitapakaa utomvu ambao hakuna sabuni iliyowahi kuutoa. Tulicheza kati, mmoja akisimama katikati na kukwepa mpira wa matambara. Tulitafuna miwa mpaka midomo ikachanika pembeni. Alasiri mvua ilikuja bila kukosa, wakati mwingine na mawe, nasi tulikimbilia jikoni kulikojaa moshi, tukala viazi vitamu vya moto huku tukisikiliza mabati yakipigwa. Siku hizi nikimwona mtoto ana simu mkononi, ana runinga mbele yake, na bado anamwambia mama yake "nimeboeka", hucheka peke yangu. Sisi neno hilo hatukuwa nalo. Labda ndiyo maana hatukuugua ugonjwa wenyewe.

Rafiki yangu aliitwa Akinyi. Kwao walikuwa watu wa ziwani, Wajaluo. Baba yake alikuwa karani katika ofisi moja mjini Kisii, na mama yake aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Marani. Yeye hakujua Ekegusii na mimi sikujua Kijaluo, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kilikuwa na ngeli moja tu. Kila kitu kilikuwa "hii". Mtu hii, mti hii, maji hii. Na kwa kuwa kwetu sisi mama ndiye huitwa *baba*, siku mdogo wangu alipozaliwa nilimkimbilia Akinyi kwa furaha.

"Baba amezaa mtoto!" nikamwambia.

Akinyi alinitazama, akaweka chini mtungi wake, akaenda mbio kumwambia mama yake sokoni. Kwa wiki nzima wauza omena walikuwa wakichungulia wamwone mzee wetu akipita.

Tulikuwa tukichota maji pamoja. Chini bondeni kulikuwa na pampu ya chuma iliyopeleka maji misheni, juu kabisa ya kilima. Haikunywa mafuta wala haikuwa na waya wa umeme. Ilisukumwa na maji yenyewe ya kijito, ikilia tak, tak, tak mchana kutwa. Sisi tulijaza mitungi, tukaviringa ngata za majani ya mgomba, tukapanda mlima ule ule ambao maji ya misheni yalikuwa yakiupanda yenyewe ndani ya bomba.

Siku moja nilimwuliza mama: "Kama kile chuma kinaweza kupandisha maji, kwa nini mimi ninayabeba kichwani?"

"Kwa sababu wewe una miguu," akasema, bila kugeuka. "Kile hakina."

Jibu hilo liliniudhi kwa miaka. Mimi na Akinyi tuliamua kutengeneza pampu yetu. Tulikata mabua ya majani ya mpapai, yale yenye tundu katikati, tukayaunganisha kwa udongo wa mfinyanzi kutoka kwenye chemchemi mpaka kwenye shimo tulilolichimba. Kuteremka, maji yaliteremka vizuri. Kupanda, yalikataa. Tulijaribu kupuliza, tukajaribu kuyafyonza, tukameza matope. Akinyi akakaa juu ya jiwe, akaisikiliza ile pampu ya misheni muda mrefu, kisha akasema:

"Kwamboka, hii maji inapanda kwa sababu ingine inaanguka. Mingi inaanguka, kidogo inapanda."

Hakuna mtu aliyekuwa amemfundisha. Nami nilimwamini papo hapo, kwa sababu jambo likiwa kweli unalisikia mwilini.

Tulikwenda pamoja shule ya sekondari ya wasichana, ya kutwa, mwendo wa kilima kimoja kutoka nyumbani. Tulipoingia kidato cha tatu tukaambiwa tuchague masomo. Karibu darasa zima lilichagua biolojia. Fizikia ilikuwa somo la kuogopwa; kuna msichana aliyetuambia kwa dhati kabisa kwamba ukiisoma sana unaota ndevu. Tukaichagua sisi wawili. Mwalimu wetu, Mwalimu Ombati, kijana mwembamba aliyevaa sweta moja la kijani mwaka mzima, alifurahi kama aliyepewa darasa la watu arobaini. Muhula ule wa kwanza ndio nilioufurahia kuliko yote katika maisha yangu ya shule. Tulibishana. Mimi nilisema jibu ni hili, Akinyi akasema ni lile, tukachorana kwa chaki mpaka mwalimu akasahau kwamba kipindi kimekwisha.

Kisha baba yake Akinyi akahamishwa kazi. Waliondoka siku ya soko, vitanda na sufuria juu ya lori, Akinyi amekaa mbele kati ya mama yake na dereva. Alinipungia mkono. Mimi nilikuwa nimebeba maji kichwani, sikuweza kuinua mkono vizuri. Enzi zetu mtu akihama alikuwa amehama kweli kweli. Hakukuwa na namba ya kuomba, wala picha zake za kutazama jioni. Barabara ilimmeza, ikawa basi.

Nilikaa peke yangu kwenye dawati la watu wawili. Haikuchukua muda mwalimu mkuu akaniita ofisini. Alikuwa mama mkarimu, sitamsingizia. Shule ilikuwa na walimu wachache na kila kipindi kilikuwa na thamani.

"Kwamboka," akasema, "siwezi kumweka mwalimu mzima na mwanafunzi mmoja. Rudi kwa wenzako kwenye biolojia. Unafanya vizuri, utakuwa muuguzi mzuri tu."

"Madam, mimi nataka kuwa injinia."

"Umewahi kumwona injinia msichana?"

"Hapana, Madam."

"Basi. Mlete mzazi wako."

Usiku ule sikulala vizuri. Mzee wangu alikuwa mtu wa majani chai. Alijua kusoma kidogo na kunyamaza sana. Asubuhi alivaa koti lake la kanisani, tukatembea mpaka shuleni. Ofisini alikaa ukingoni mwa kiti, kofia magotini, akasikiliza maelezo yote ya mwalimu mkuu. Mwalimu Ombati alikuwa amesimama mlangoni.

"Hiyo fizikia," mzee akauliza mwishowe, "ni kosa la kumfukuzisha mtoto shule?"

"Hapana, mzee."

"Inamfanya agombane na watu?"

"Hapana. Ni kwamba yuko peke yake."

Mzee akafikiri. "Mimi nilianza kupanda chai kijijini nikiwa peke yangu," akasema. "Walicheka. Kuwa peke yake si ugonjwa, Madam. Mwacheni asome."

Mwalimu mkuu akamtazama Mwalimu Ombati, naye akasema atanifundisha wakati wa michezo, vipindi vyake vingine visiguswe. Hivyo ndivyo fizikia ilivyonusurika katika shule yetu. Tulisomea barazani mbele ya ofisi, mahali pa wazi. Wenzangu uwanjani wakipiga kelele za mpira wa wavu, mimi nikipiga hesabu za vyuma vinavyopashwa moto. Siku ile tulirudi nyumbani pamoja. Mzee alinikatia muwa shambani, akaumenya mwenyewe, akanipa.

Lakini wenzangu, nataka niseme ukweli, maana watu wakisimulia habari hizi huharakisha kufika kwenye makofi. Ilikuwa ngumu. Maabara yetu haikuwa na vifaa vya fizikia, kwa hiyo mara moja kwa juma nilivuka bonde kwenda shule ya wavulana. Nilipoingia mara ya kwanza kelele zilikatika ghafla.

"Umepotea?" mmoja akaniuliza. "Hapa ni fizikia."

"Ndiyo ninayoitaka," nikasema, na sauti yangu ikatoka ndogo kuliko nilivyokusudia.

Hawakunitukana. Waliniacha tu. Walifanya majaribio wawili wawili, na hakuna aliyetaka kuchekwa kwa kukaa na msichana, nikapewa meza ya mwisho karibu na dirisha. Jaribio la pendula ni la watu wawili: mmoja aachie uzi, mwingine ashike saa. Mimi niliachia kwa mkono wa kushoto na kushika saa kwa wa kulia. Nilipopata jibu sahihi nilikuwa nikiinua kichwa kutafuta mtu wa kumwambia, kisha nainamisha tena. Kuna upweke wa kukosa watu, na kuna huu wa kukosa mtu wa kubishana naye. Huu wa pili ndio ulionikalia.

Nilifaulu. Jina langu lilisomwa kanisani, mama akapiga vigelegele mpaka akakohoa. Nikaenda chuo kikuu Nairobi kusomea uhandisi, nikawakuta wasichana wawili wengine, nikadhani nimefika peponi. Mmoja akahamia somo jingine, wa pili akawa mbali nami kwa tabia. Baadaye kazini nimevaa buti za mwanamume zilizojazwa magazeti mbele. Nimesimama kwenye mitaro huko Nyamira, mvua ikininyeshea, mkandarasi akinipita na kumwuliza dereva wangu kama injinia atachelewa. Nimejenga miradi ya maji inayoteremka kutoka vilimani hadi kwenye mabomba ya uani, na mara ya kwanza nilipowaona kina mama wakijaza ndoo mlangoni pao badala ya kupanda mlima, nilikaa ndani ya gari nikalia. Sijutii hata kidogo. Nasema tu kwamba nililia nikiwa peke yangu, na nilitamani kumwambia mtu kwa kile Kiswahili chetu cha ngeli moja: "Akinyi, hii maji imefika."

Nimemtafuta, bila shaka. Vijana waliniambia ni rahisi, andika jina tu kwenye simu. Niliandika. Walijitokeza kina Akinyi wengi kama omena, kila mmoja anatabasamu, na hakuna hata mmoja ambaye niliyatambua macho yake.

Muhula huu nilialikwa shule moja ya wasichana karibu na Suneka, niongee nao kuhusu sayansi na uhandisi. Mimi naishi Kiogoro, si mbali. Walinikaribisha kwa wimbo. Niliwaeleza kwamba nchi hii ina mito na vilima na jua, na kwamba vyote vinangoja watu wanaojua hesabu. Niliwaambia nguvu nyingi za kazi yetu ziko kichwani, wala hakuna ndevu zinazoota. Walicheka. Niliwasimulia nilivyosoma kati ya wavulana, nikawaambia wasiache fizikia kwa sababu ya uvumi. Mwalimu wao alikuwa akiitikia kwa kichwa kwa kuridhika, mpaka msichana mmoja wa safu ya nyuma akanyoosha mkono.

"Injinia, mimi naitwa Moraa. Nataka kuuliza. Ukiwa shule, hao maboi wote, ulikuwa unakula lanchi na nani?"

Wengine wakaguna. Mwalimu akataka kumnyamazisha, nikamzuia. Nimehutubia mawaziri na wahisani, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo.

"Sikula na mtu," nikasema. "Kule kwa wavulana, chuoni, hata kazini miaka mingi. Nilikula peke yangu."

Nikaona nimeharibu, maana nilikuwa nimetumwa kuwavuta, si kuwatisha.

"Somo lenyewe halikuniumiza," nikawaambia. "Nililipenda, na bado nalipenda. Kilichoniumiza ni kuingia mlangoni peke yangu. Kwa hiyo sikuja kuwaomba muwe majasiri. Nimekuja kuwaomba mwingie wengi. Ukiamua fizikia, mshike mwenzako mkono, na yeye amshike mwingine. Mmoja akiyumba, msimwache."

Moraa hakukaa. Alimgeukia msichana aliyekuwa kando yake, mfupi, mwenye miwani.

"Si umesikia?" akamwambia. "Ulisema utadrop fizikia."

"Nilisema labda," yule akajibu.

"Hakuna labda. Mimi peke yangu siingii huko."

Darasa zima likaangua kicheko, na yule wa miwani akafunika uso kwa mikono, akicheka pia. Mwalimu wao wa fizikia aliniambia baadaye kwamba waliojiandikisha kwa somo hilo mwaka huu wanajaza chumba, na kwamba kazi yake kubwa ni kuwanyamazisha.

Nilipokuwa nikiaga, Moraa akaja mbio na sahani mbili. Ilikuwa githeri, maharagwe mengi kuliko mahindi. Wenzake walinisogezea nafasi kwenye benchi, wakanibana pande zote mbili, wakaendelea na mazungumzo yao kana kwamba sipo: nani alikosea jibu la asubuhi, nani alishika mita kinyume, na video ya mtu fulani anayecheza ngoma ambayo mimi sikuielewa hata walipoirudia kwa mikono. Sheng yao ilinipita juu ya kichwa. Walibishana kuhusu ukinzani wa waya huku midomo imejaa. Nilisikiliza tu. Mara moja nilitaka kuingilia, jibu nilikuwa nalo, nikaliacha. Walikuwa wanalifikia wenyewe.

Enzi zetu kengele ya shule ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, ikigongwa kwa nondo. Siku hizi inalia yenyewe kwa umeme. Ilipolia, waliinuka wote pamoja, wakasukumana kuelekea maabara, wakicheka, wakiitana majina. Moraa alinigeukia akasema, "Asante Injinia, karibu tena," kisha akakimbia kuwafikia. Nami nikabaki pale kwenye benchi refu, githeri yangu nusu, nikaimaliza polepole, nikisikiliza sauti zao zikipungua ng'ambo ya uwanja mpaka mlango ukafungwa.