Spika ya Mzinga wa Nyuki

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru na maduka ya Kilosa yalipoanza kujaa redio kaseti za plastiki kutoka Dubai, mimi nilikuwa mwalimu wa sayansi shule ya msingi, na nilikuwa na msimamo. Ukitaka kujua tabu ya mtu mwenye msimamo, muulize mke wake.

Msimamo wenyewe niliupata Mikumi, kwenye semina ya mazingira. Tulikula kuku, tukapewa kofia, kisha tukapelekwa kuona vilima vilivyonyolewa kwa ajili ya mkaa, magunia yamepangwa kando ya barabara kuu mpaka macho yanachoka. Iliniuma kweli, sitanii. Nilirudi nyumbani sikamatiki. Nilizima jiko la mkaa mke wangu akiwa bado anachemsha maharage. Nilimhubiria jirani aliyekuwa anachonga mpini wa jembe. Mpini, jamani!

Sasa, mama alikuwa anaishi nasi, na masikio yake yalikuwa yameanza kumgomea. Alizaliwa Kigoma, akaletwa Kilosa kwa treni akiwa bado anabebwa mgongoni, baba yake alipokuja kukata mkonge. Ndugu zake walirudi kwao, yeye akaolewa huku. Kwa hiyo habari za kwao zilimfikia kwa njia moja tu: matangazo ya vifo redioni. Alasiri yalipoanza nyumba nzima tulinyamaza, mama akasogeza kigoda chake karibu. Yaliwahi kumpita mara moja, betri zimekwisha, na siku hiyo ndiyo aliyosomwa dada yake. Mama alikuja kujua matanga yameshaanuliwa.

"Siku ile nilishinda nacheka," aliniambia. "Nacheka hapa uani na majirani, na dada yangu yuko kaburini."

Alikuwa amebakiwa na kaka mmoja tu, naye alikuwa mgonjwa. Mama aliapa kwamba huyo hatampita.

Redio yetu ilikuwa ndogo, ya kunong'ona. Mke wangu akashauri tununue redio kaseti kubwa, aliiona dukani na sauti yake ilivuka barabara. Nilisimama kabisa kumjibu. Nikasema plastiki ile haiozi, itakufa mapema, itatupwa mtoni, na wajukuu zetu wataikuta humo. Mimi nitatengeneza spika yangu mwenyewe. Ya mbao. Na hautakatwa mti hata mmoja.

"Mama anataka kusikia leo," alisema mke wangu, "wewe uko na wajukuu."

Mke wangu ni mtu wa Vidunda, na kwao wanafuga nyuki mlimani. Tulipokwenda kuwasalimia wakwe, nikaona nyuma ya nyumba mzinga wa zamani, gogo lililotobolewa katikati, limepasuka, halina kazi. Moyo ukaniruka. Boksi la spika limeshachongwa! Mti walikata watu wengine zamani, dhambi si yangu! Nilimpa baba mkwe shikamoo ya pili siku hiyohiyo, akaniitikia marahaba kwa mashaka, nami nikauomba. Akanipa, nadhani kwa kunionea huruma.

Ubunifu wangu sasa, we acha tu. Spika yenyewe, lile duara la karatasi lenye sumaku, niliing'oa kwenye redio iliyokufa. Ndani ya gogo nikashindilia sufi niliyookota chini ya msufi wa shule, ili sauti isigongane na kuta. Misumari sikutaka, nilikaza kila kitu kwa kamba ya katani. Nyufa nikaziba kwa nta, maana gundi ya dukani ina kemikali. Nilipaka nta ndani, nikapaka nje, mpaka nyumba ikanukia mishumaa. Halafu mzinga nikautundika juu, kwenye boriti ya baraza, sauti ipate kusambaa, nikauunga kwa nyaya na redio yetu ndogo.

Mke wangu aliutazama akasema, "Mh." Mimi nikaona nimesifiwa.

Siku ya uzinduzi niliita majirani. Kwanza ukapigwa muziki. Besi ilitoka nzito mpaka vikombe vikatetemeka, nikawageukia wageni kama mtu aliyepata mapacha. Kisha yakaja matangazo ya vifo. Mtangazaji akafungua kinywa, ikatoka ngurumo ya mtu aliyefungiwa ndani ya pipa. Mama akasogea. Akasogea tena. Mwishowe akapanda juu ya kigoda, sikio limegusa gogo.

"Anasema amekufa nani?"

"Mtu wa Singida, mama," nikabahatisha.

Nilikuwa nimemtengenezea spika ya dansi mama aliyetaka kusikia majina. Ningekuwa na akili ningeishusha jioni ileile. Thubutu! Nilisema mitambo ya kituo ni mibovu. Nilisema ni mawingu. Nilisema inahitaji marekebisho madogo, nikawa nazunguka baraza mikono nyuma nikiyafikiria hayo marekebisho. Nikiwa bado nafikiria, nyuki wakahamia. Asubuhi moja lilikuja kundi zima, likaingia kwa foleni kwenye tundu la nyuma.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Kwetu tukitaka nyuki tunafanya hivyohivyo! Unachukua mzinga wa zamani, unaupaka nta, unautundika juu. Nilidhani unajua!"

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie wewe?"

Nyuki hawakujali kwamba mimi ni mtetezi wao. Nilipokwenda kuokoa nyaya waliniuma midomo yote miwili, nikafundisha mmeng'enyo wa chakula huku darasa zima limeinamia madawati, mabega yanatikisika. Nilipopona nikaenda dukani kimyakimya kununua ile plastiki. Ilikuwa imeshauzwa. Tungoje mzigo mwingine, akasema mwenye duka.

Na mama alikuwa hangoji. Basi ikabidi spika niwe mimi. Kila alasiri nilikaa karibu naye, ile redio ndogo nimeibana sikioni, nikipayuka kila nilichosikia: "Mzee fulani wa Dodoma! Amefariki! Habari ziwafikie wanawe wote walioko Tanga!" Watu walikuwa wanasimama njiani kusikiliza. Mimi nilikuwa najionea haya, lakini mama alikuwa anaitikia kila marehemu kwa kichwa, ametulia kabisa.

"Punguza ukali, mwalimu," alinikanya siku moja. "Hao ni wafiwa, si wanafunzi wako."

Alasiri nyingine nilikuwa nimeanza vizuri. Nikapayuka msiba wa Iringa, nikapayuka wa Moshi. Halafu mtangazaji akataja Kigoma, akataja kijiji chao, akataja jina la mjomba, na akasema habari zimfikie dada yake aliyeko Kilosa. Akaendelea na msiba mwingine. Mimi nilikuwa bado nimeachama.

Mama akangoja. Kisha akanitazama usoni.

"Sema."

Nilipolitamka jina la mjomba hatimaye, hata mimi mwenyewe sikujisikia.

Mama alisikia. Alisimama, akajifunga kanga kiunoni, akauliza treni ya Kigoma inapita saa ngapi.