Simu Katika Kitunga cha Maharage

Mama mkwe wangu ndiye binadamu pekee niliyewahi kumwona akiikaribisha simu chai. Aliiweka simu yangu juu ya kigoda, akaweka kikombe mbele yake, akasubiri kidogo kwa heshima zote, kisha akakinywa mwenyewe. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Siku hizi simu yangu haianzi kuongea nyumbani mwetu kabla chai haijamiminwa, na mwenye kuimimina ni mimi.

Wakati huo mume wangu alikuwa amepotea barabarani. Yeye ni shofa wa lori. Hupeleka bidhaa Butembo na kurudi Goma na viazi. Aliondoka Jumatatu, akapiga simu Jumanne, kisha kimya. Watu walisema barabara imefungwa mbele yake na nyuma yake, na minara ya simu ya kule imezimika kwa sababu ya vita. Nikipiga namba yake, ile sauti ya mwanamke wa Kifaransa inanijibu kwamba hapatikani. Nilifika mahali nikaanza kumchukia mwanamke huyo kama mke mwenza.

Wiki ya kwanza nilijipa moyo. Ya pili niliingia kwenye simu, na humo ndimo nilimohamia. Nilikuwa na grupu la wake za mashofa, la wazazi wa shule, la kwaya, la mtaa wetu wa Katoyi, la washonaji wenzangu, la ukoo wa mume, mawili ya maombi, na moja la wauza sabuni ambalo mpaka leo sijui nani aliniingiza. Kila grupu lilikuwa na habari za barabara. Mmoja anasema malori yameonekana. Mwingine anasema yamechomwa. Wa tatu anatuma video ya lori linaloungua, na sauti ya mtu anayepiga kelele kwa lugha ambayo haijulikani hata ni ya nchi gani.

Lori la mume wangu lina turubai la buluu, na kwenye turubai hilo kuna kiraka cha manjano nilichokishona kwa mkono wangu. Basi nilikuwa nikisimamisha kila video, naikuza kwa vidole, natafuta manjano ndani ya moto. Mia ngapi nilizitazama, sijui. Wala nisijifanye malaika, kwa sababu sikutazama hizo tu. Nilikuwa naanza kwa kumtafuta mume na kumaliza nikimwangalia mwanamke wa Kinshasa akitupa nguo za mumewe barabarani. Macho yalikuwa yamechoka, lakini kidole hakikuchoka. Chakula kilikuwa kikiungua kwenye mbabula, jiko letu la makaa, huku nimeshika mwiko.

Simu yenyewe ilikuwa ya bei rahisi, ikajaa. Kila mara iliandika kwamba hakuna nafasi tena. Nikajiwekea kanuni: audio yoyote inayotoka kwa namba nisiyoijua, naifuta bila kuisikiliza. Namba ngeni zilikuwa zimenichosha. Zilikuwa zinaleta yale maombi ya vitisho, kwamba tuma kwa watu kumi kabla ya jua kuzama, usipotuma utaona. Nilizifuta kwa raha kabisa, nikapata nafasi ya video nyingine.

Mama mkwe alikuwa akiyaona yote hayo. Yeye ni mtu wa milima ya Masisi, mfugaji na mkulima. Alikuja kwetu akikimbia vita, kupitia Sake kwa miguu, ng'ombe wote wamebaki nyuma au wameliwa, na mkononi hana kitu isipokuwa kitunga, kile kikapu kikubwa cha kuwekea maharage. Hana simu, hajui kusoma, na hajawahi kulalamika mbele yangu hata siku moja, jambo ambalo mwanzoni lilinikera, maana mimi nalalamika hata mvua isiponyesha. Kila jioni aliniuliza habari za mwanawe, na mimi nilimmwagia zote: wamesema hivi, wamesema vile, wameonekana, wamekufa, wanalishwa na wanakijiji. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza maswali yaleyale.

"Nani njo alisema? Alikuwa pale? Ulimupa kiti?"

Niliyajibu mawili ya kwanza kwa hasira. La tatu nilidhani ni uzee.

Kilichomfanya aingilie kati ni sare ya kwaya. Nilikuwa nashona blauzi kumi na mbili za akina mama wa parokia, simu imesimama mbele ya cherehani, imeegemea kopo la vifungo. Mwenye blauzi ya kwanza alipokuja kujaribu, mkono mmoja uliingia vizuri na wa pili ukagoma. Nilikuwa nimemshonea mikono miwili ya kushoto. Tukachunguza nyingine. Blauzi saba, zote za kushoto tupu. Yule mama wa kwaya alicheka akasema sasa watakuwa wanampigia Mungu makofi upande mmoja. Mimi nililia, na nikamjibu vibaya mbele ya mama mkwe wangu, jambo ambalo kwetu si la kufanya.

Yule mama wa kwaya alipoondoka, mama mkwe alinyoosha mkono.

"Leta ile kitu."

Nikampa simu. Aliizika ndani ya kitunga, juu ya maharage, akaifunika kwa kitenge chake. Kisha akaniketisha na kunieleza desturi ambayo nilikuwa nimeisikia kwao lakini sikuwahi kuifikiria. Kule milimani, anayeleta habari haulizwi akiwa amesimama. Anapewa kiti. Anapewa maji, au maziwa kama yapo. Akishapumua ndipo anaambiwa aseme, na akisema, anasema mara moja, toka mwanzo mpaka mwisho, bila mtu kumkatiza. Kisha anashukuriwa na kwenda zake. Hata habari ikiwa ya kifo.

"Hata ya kifo, Mama?" nikamwuliza.

"Siku baba mukwe yako alikufa, kijana alikuja kuniambia. Nilijua. Nilimuona mu macho, kule kwa njia. Nikamupa kiti, nikamupa maziwa, akakunywa yote. Alikuwa anatoka mbali, na kiu."

Nilijaribu kumwona amesimama pale, anajua, anamtazama yule kijana akimeza, na hamharakishi. Mimi nisingeweza. Ningemnyang'anya kikombe na kumtikisa mabega. Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu kwa moyo wote. Kabla ya hapo nilimheshimu kwa adabu tu, kama mkwe anavyoheshimiwa.

"Lakini weye," akaendelea, "batu mia banaingia mu nyumba yako pamoja, bote bamesimama, bote banalalamika. Hapana mwenye ulimupa kiti. Utasikia nani?"

Akatoa amri. Simu italala kitungani toka asubuhi. Saa kumi na moja jioni, kabla giza halijaingia, itatolewa, itapewa kigoda na chai, na wote walioleta neno watasikilizwa, mmoja mmoja, kwa zamu.

Siku ya kwanza ilikuwa mateso. Nilikwenda kwenye kitunga mara sita, nikijifanya nachambua maharage. Mara ya sita akaniuliza kwa upole kabisa, "Imeshaiva?" Nilirudi kwenye cherehani na aibu yangu. Mkono ulikuwa unatambaa wenyewe kwenda kwenye kopo la vifungo, mahali simu ilipokuwa ikiegemea, unakuta vifungo. Kufikia siku ya tatu nilisikia mvua ikianza upande wa Lac Vert na kutufikia taratibu, mabati ya jirani kwanza, kisha yetu. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiisikia mvua ikiwa tayari juu ya kichwa changu. Nikafumua mikono ya blauzi saba na kuishona upya, ya kulia kulia, ya kushoto kushoto. Mume wangu alikuwa bado hajulikani alipo, na hofu ilikuwa palepale kifuani, lakini sasa ilikuwa hofu yangu mwenyewe, moja, ninayoijua.

Na saa kumi na moja! Laiti mngemwona. Aliketi mkabala na kigoda kama anayepokea wageni wa heshima. Jioni ya kwanza, nilipofungua grupu la kwanza na sauti kuanza kubwata, aliinua kidole.

"Uyu anasema na sisi?"

"Hapana, Mama. Anasema na wote."

"Aksanti, papa. Wende."

Tukamwacha aende zake. Yule mwenye maombi ya vitisho, mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma. "Uyu iko na njaa," akasema. Kati ya mamia ya waliobwata siku ile, waliokuwa wanasema na sisi hasa walikuwa wanne: dada yangu, mwenye blauzi, mwalimu wa mtoto, na mama mmoja wa Keshero aliyetaka gauni. Kila mmoja alipata nafasi yake na jibu lake. Dada yangu alinishangaa, akasema ni mara ya kwanza kwa muda mrefu ninajibu alichouliza. Grupu moja moja nikatoka. Hata la sabuni.

Siku ya tano, baada ya chai kumiminwa, ilikuwepo audio ya namba ngeni. Kidole kilikwenda kufuta chenyewe, kwa mazoea. Mama mkwe akanishika kifundo cha mkono.

"Uyu ulimupa kiti?"

"Mama, simjui huyu."

"Njo maana apewe. Mwenye unajua, anaweza ngoja."

Nikabonyeza. Kwanza ulikuja upepo. Kisha kuku. Kisha mtu akakohoa, na kikohozi kile ningekitambua hata sokoni.

"Mama ya batoto, ni miye. Simu yangu ilianguka mu mayi. Iyi ni ya papa mumoja wa huku. Rezo ya simu haiko, njo maana anapandaka mulima, kule inashika kidogo, anakutumia. Niko muzima. Lori iko muzima. Batu ba huku banatupatia viazi, tunakula. Umwambie mama asilie. Sasa iyi ni ya ine. Sijui kama unazipataka. Uyu papa anashukaka bila jibu, na miye nasikia haya kumutuma tena mu mulima. Kama unasikia, ujibu hata neno moja."

Ya nne. Nilihesabu nyuma na nikajua. Niliikumbuka hata siku mojawapo: nilikuwa nafuta namba ngeni kwa haraka ili ipatikane nafasi ya video ya lori linaloungua. Nilikuwa nimemfuta mume wangu ili nipate mahali pa kumtafuta. Nikamwambia mama mkwe yote, palepale, bila kujitetea, na nikangoja anachotaka kusema. Alikuwa na haki ya kusema lolote.

Alikaa akitazama kile kikombe, chai imepoa. Habari husemwa mara moja, ndivyo alivyonifundisha, na siku zote tano hakuwahi kuuliza neno mara ya pili.

"Mwambie arudilie," akasema.

Nikarudia. Akafunga macho mpaka kwenye kikohozi, akatabasamu. Kisha akaniambia nijibu, na nijibu nikiwa nimekaa. Nilisema tu kwamba tumekusikia, tuko wazima, rudi. Alipoona namaliza, akaiinamia simu na kuongeza la kwake, si kwa mwanawe, kwa yule baba mwenye simu: "Papa, aksanti kwa kupanda ule mulima. Ukae kwanza. Ukunywe mayi."

Mume wangu alirudi siku ya kumi na moja baada ya hapo, amekonda, turubai limeongezeka matundu ambayo bado nayaziba. Watoto walimrukia. Mimi nilikuwa nimefungua mdomo na maswali yote yamejipanga, mama mkwe akaniangalia. Nikaufunga. Nikamletea kiti. Nikamletea maziwa, na nikasimama pale nikimtazama akinywa taratibu, kikombe kizima, na nikajua kidogo, kidogo sana, kile alichokifanya mwanamke huyu siku ile milimani.

Alipoweka kikombe chini nilimuuliza kitu kimoja tu: zile audio tatu za kwanza, alisema nini?

Alifikiri. Ya tatu na ya pili zilikuwa kama ya nne, akasema, za kusalimia tu. Halafu akaikumbuka ya kwanza.

"Nilikuambia usiangalie zile video za barabara. Zitakutisha bure."

Mama mkwe ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na baada ya kitambo nikaweza kucheka naye, huku nalia, na mume wangu anatutazama mmoja baada ya mwingine, haelewi, akiuliza simu yangu iko wapi, mbona anaisikia ikilia ndani ya maharage.