Umeme wa Kufuatwa kwa Kidole

Nilisomea umeme Kalehe, katika shule ya sekondari isiyokuwa na umeme. Nikiwaambia watu wa mjini Bukavu hivyo hucheka, nami huwaacha wacheke, maana kweli inachekesha. Nguzo za chuma zilipita juu ya kiwanja chetu cha mpira zikipeleka umeme wa bwawa la mto Ruzizi kwa watu wengine. Kukiwa na manyunyu tulizisikia nyaya zikivuma. Tuliinua macho tukazitazama, kisha tukarudi darasani kunakili mchoro wa taa.

Msidhani tulidanganywa. Mwalimu wetu, Prof tulivyomwita, alijua kazi. Alikuwa na ubao mmoja, balbu moja, swichi mbili, na waya uliofungwa na kufunguliwa na wanafunzi hadi shaba yake ikawa nyeusi. Tulifunga kwa zamu. Ukimaliza, prof aliweka kidole mwanzo wa waya akakitembeza polepole. "Courant inaingia hapa," alisema, maana ndivyo tunavyouita umeme. "Inapita huku. Inafika kwa taa." Kisha nawe ulirudia kwa kidole chako. Kikifika kwenye balbu bila kukwama, umepata alama. Taa zetu zote ziliwaka hivyo, kwa mdomo.

Nilipofaulu mtihani wa taifa walinimwagia poda kichwani kama ilivyo desturi ya kwetu, nikapanda gari hadi Bukavu kwa shangazi yangu anayekaa mtaa wa Kasha. Kwake umeme ulikuja na kuondoka ulivyotaka. Jioni ya kwanza ulipokuja, watoto walipiga vigelegele, mimi nikaitumbulia macho taa ya sebuleni mpaka shangazi akaniuliza, "Diplôme yako iko ya courant ao ya kushangaa?"

Fundi mmoja wa mjini alikuwa akitafuta msaidizi. Tulifika wawili, mimi na kijana aliyesoma shule ya ufundi ya hapohapo Bukavu. Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Wenzangu wa Kalehe walikuwa wamerudi kulima mihogo, na diploma zao za umeme zimewekwa sandukuni pamoja na nguo za Krismasi. Mimi sikutaka kurudi.

Fundi alitupa kila mmoja ubao na vifaa. Tulitakiwa kufunga taa ya ngazi, ile inayowashwa chini na kuzimwa juu. Mikono yangu ilikwenda yenyewe. Nilimaliza wa kwanza, na nyaya zangu zilinyooka kuliko za kijana yule. Fundi alitikisa kichwa kwa kuridhika, akauunganisha ubao wangu, akaenda ukutani kufungulia umeme.

Taa ikawaka.

Nilikuwa nimeona taa nyingi, lakini hiyo niliifunga mimi. Mwili wote ulinisisimka kama siku ya komunyo ya kwanza. Yale tuliyokuwa tukiyanakili ubaoni yalikuwa kweli, yalikuwa kweli siku zote, hata pale tulipokuwa hatuoni chochote. Nilitamani kupiga magoti.

"Eleza kazi yako," fundi akasema.

Kwa furaha na kwa mazoea, nikaweka kidole kwenye shaba. "Courant inaingia hapa," nikasema.

Kweli iliingia. Nilijikuta nimekaa sakafuni, mkono umekufa ganzi hadi begani. Yule kijana alikuwa ameshauzima umeme kabla sijaelewa kilichonipata. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Fundi aliniinua, akaniletea maji. "Mutoto, kazi yako iko safi kupita ya huyu," alisema. "Lakini hauogopi courant. Siwezi kukutuma mu manyumba ya batu."

"Kwetu hakuna courant, Patron."

"Najua," akasema, akamchukua kijana.

Nilikasirika, tena sana. Sikumkasirikia kijana, wala fundi, kwa sababu alisema haki. Nilizikasirikia zile nguzo. Hata hivyo, kabla ya kutoka nilimwomba fundi niiwashe taa yangu mara nyingine. Akaniruhusu. Niliwasha chini, nikazima juu, nikawasha juu, nikazima chini, mpaka machozi yakanitoka.

Niliporudi Kalehe nilipitia shuleni kwanza. Prof alikuwa peke yake darasani, akifuta ubao. Nikamweleza yote: kidole, sakafu, kijana aliyechukuliwa. Nilidhani ataniuliza habari za kazi, au ataomba radhi.

"Na taa?" akauliza.

"Taa gani, Prof?"

"Ile yako. Iliwaka?"

"Iliwaka."

"Na ukiizima juu, unaweza kuiwasha chini?"

"Ndiyo, Prof. Nilijaribu."

Aliketi kwenye benchi la wanafunzi, kitambaa cha chaki mkononi, akakitazama kidole chake kwa muda mrefu.

"Basi iko kweli," akasema.