Nilibomoa Ukuta wa Hoteli, Nikamvunjia Heshima Mama Mkwe

Nimekosa, na nasema mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu, maana hapa Rodi Kopany habari yangu inasimuliwa hata na wanaouza mbuzi. Jina langu liacheni. Ulizeni tu "yule wa vioo", mtaonyeshwa.

Mke wangu ana hoteli ya samaki kando ya barabara ya Homa Bay. Ni yake, si yangu. Aliianza na karai moja kabla hatujaoana. Mimi nilikuja baadaye, na nilikuja na maoni.

Maoni hayo niliyapata Nairobi, kwenye hoteli ya kifahari nilikofanya kazi miaka sita. Watu wa nyumbani walidhani nilikuwa meneja. Jamani, nilikuwa bawabu! Kazi yangu ilikuwa kufungua mlango wa kioo na kusema karibu. Lakini ukichungulia ndani miaka sita unaanza kujiona mtaalamu.

Hoteli yetu ilikuwa na shida moja ya kweli: siku ya soko watu walijaa mpaka wengine wakala wamesimama nje. Mke wangu akamtafuta Atieno, msichana wa Rangwe aliyesomea kupanga maduka na hoteli. Mimi nilitegemea aje na futi na michoro. Alikuja na daftari, akaagiza chai, akakaa. Soko likaisha, akaenda. Soko la pili akarudi, akakaa tena!

Katikati ya hoteli kulikuwa na ukuta wa mabati, umeshika moshi hadi umekuwa mweusi. Kila upande una mlango wake, mmoja wa barabarani na mwingine wa kwenye posho mill, mashine ya kusaga unga. Atieno aliutazama ukuta ule kama anayetazama mgonjwa.

"Baba, hii ukuta iliwekwa ya nini?" akaniuliza.

"Nilipata iko."

"Na mbona watu wanachungulia hapa, halafu wanazunguka kuingia na mlango ile ingine?"

"Wanatafuta samaki kubwa," nikamjibu. Akaandika hilo pia, maskini.

Akaniomba soko moja zaidi. "Sijajua hii ukuta inafanya kazi gani. Tafadhali msiiguse."

"Inafanya kazi ya kuwa ukuta! Wewe ni fundi wa nini, wa kukaa?"

Nilicheka peke yangu. Yeye alifunga daftari, akaaga kwa adabu, akapanda boda boda kurudi kwao.

Wiki iliyofuata mke wangu akaenda makambi ya kanisa. Wana wa Mungu wakiwa wanaomba, mimi nilikuwa nashika nyundo. Niling'oa mabati yote. Mlango wa posho mill nikauziba kwa matofali. Nikaweka meza moja ndefu kutoka ukuta hadi ukuta, na pande zote mbili vioo vikubwa, ili mahali paonekane pana. Palionekana pana kweli! Ungedhani tuna hoteli nne.

Mke wangu aliporudi Jumapili alisimama mlangoni.

"Baba Junior, sasa mama atakula wapi?"

"Viti ni arobaini!" nikamwambia. "Achague!"

Akaingia jikoni. Nilidhani furaha imemzidi.

Siku ya soko watu walikuja wengi. Walijitazama kwenye vioo, wakapiga picha, wakatoka. Mzee mmoja muuza ng'ombe, ambaye hakuwahi kukosa, aliingia, akatazama huku, akatazama kule, akaniuliza kama tunafunga chakula abebe. Nikamwambia aketi afurahie mandhari. Akaniambia, "Yawa, wewe hata huna wakwe?" akaondoka. Mimi nikaona ni wivu.

Basi nikajipakulia samaki ngege mzima, nikaketi katikati ya meza kama tangazo la biashara. Nilikuwa nimefika kichwani, nanyonya jicho la samaki kwa sauti, mchuzi hadi kidevuni. Nikainua uso. Ndani ya kioo, nyuma yangu, alikuwa amesimama mama mkwe wangu, ananitazama mdomoni.

Kwa msomaji asiye wa kwetu: huku mama mkwe na mume wa binti yake hawali wakionana. Si ugomvi, ni heshima, na ni nzito. Nikageuza uso upande wa pili. Kioo! Yuko pale pia! Kila nilikogeukia kulikuwa na mama mkwe, na kulikuwa na mimi na jicho la samaki. Nikapiga mbizi chini ya meza, mtu mzima wa watoto watatu. Nikasikia anarudi nyuma, anajigonga kwenye mlango wa kioo, niliouweka na kuusafisha mwenyewe mpaka haukuonekana, kisha anatoka.

Kule chini ya meza ndipo akili ilinijia. Siku ya soko wakwe wa kila mtu wako Rodi. Ndiyo maana watu walichungulia, wakazunguka. Na mimi mwenyewe, miaka tisa, nilikuwa nikila upande wa barabara huku mama mkwe akila na binti yake upande wa posho mill. Kwa kuwa kwetu mama mkwe haingii nyumbani kwa mkwe wake ovyo, pale ndipo walipokuwa wakiketi pamoja. Ndiyo iliyokuwa sebule yao, na mimi niliigonga kwa nyundo.

Masoko matatu hoteli ilikaa tupu. Mke wangu akampigia Atieno simu, akamwomba msamaha kwa niaba yangu, kwa sababu mimi nilishindwa kuongea. Alikuja, akakaa soko lake alilonyimwa, akawauliza wateja wenyewe. Kisha akarudisha ukuta, safari hii wa matete, unaopitisha hewa na mwanga lakini hauonyeshi uso. Mlango wa posho mill akaufungua. Pa kunawia mikono akapaweka nje, ili mtu akinawa aulize kwanza nani yuko ndani. Ile meza ndefu akaikata ziwe fupi nyingi, zikatosha pande zote mbili, na ule msongamano ukaisha. Vioo vyangu viko saluni ya jirani.

Wakwe wote wamerudi, isipokuwa mmoja. Siku ya soko mke wangu hubeba sahani mbili, akavuka barabara, akala na mama yake juu ya magunia kwenye baraza la duka la simiti. Mvua ikinyesha hawali pamoja.

Juzi nilimsihi amwambie mama kwamba ukuta uko.

"Anajua iko," akasema, bila kuacha kuparua samaki. "Lakini alikuona ukila, Baba Junior. Hiyo tutamtoa machoni namna gani?"

Naumia, jamani. Naumia sana. Wewe unayetaka kupendezesha biashara yako, akija mtu wa kukaa na kuuliza maswali, mnunulie chai na umjibu kweli. Kama hujui jibu, sema hujui. Na kama biashara ni ya mkeo, msubiri arudi.