Migomba ya Mama na Mbiu ya Mhezi

Majani ya mgomba yakipitishwa juu ya moto ili yalainike kabla ya kufungia ndizi, hutoa harufu inayoanza kama nyasi mbichi na kuishia kama chai iliyokolea. Kila nikiinusa, hata iwe jikoni kwa watu, narudi Mhezi, juu kwenye milima ya Upare, katika nyumba yetu ya matofali ya kuchoma iliyojaa ukungu asubuhi na moshi wa kuni za miti ya miwati jioni. Nilikuwa na umri wa miaka minane. Baba alikuwa ametangulia mwaka mmoja kabla yetu kufundisha shule ya sekondari, akaishi bwenini na walimu wenzake, akala makande mpaka akasahau ladha nyingine. Mwaka uliofuata tukamfuata: Mama, mimi Koku, na mdogo wangu Mujuni aliyekuwa bado ananyonya kidole. Tulitoka Bukoba kwa basi hadi Same, kisha tukapandishwa mlimani kwa gari la mizigo, na safari nzima Mama alipakata gunia lenye miche ya migomba iliyofungwa kwa kitambaa kilicholowa. Kondakta wa basi alitaka gunia liende kwenye buti. Mama alimwambia kwa upole kwamba buti ni la basi na mapaja ni yake.

Miche ile ilikuwa ya nshakala, ndizi za kupika za nyumbani kwao. Kumbe Mhezi migomba ilikuwepo tele, lakini Mama aliitazama kwa jicho la mtu aliyeonyeshwa mke mwenza. Alipanda miche yake nyuma ya jiko, akaitandazia nyasi kavu chini kama wafanyavyo Bukoba, kisha akarudi ndani kuijenga Bukoba iliyobaki. Nyumba ile ilikuwa nchi nyingine kabisa. Ukivuka kizingiti ulizungumza Kihaya. Mtoto wa kike alipiga magoti kumsalimia mkubwa, na mgeni aliletewa kikapu kidogo cha kahawa iliyochemshwa na kukaushwa na maganda yake, ili atafune huku akipiga soga. Nilipompigia magoti Mama Nakijwa, jirani yetu wa kwanza, alidhani nimejikwaa, akaniinua na kunikagua magoti. Naye alipopewa kahawa ya kutafuna aliishika mkononi kwa adabu zote, akasubiri maji ya moto. Yalipochelewa akaitia mfukoni, akashukuru, akaenda kuipanda. Wahaya wawili watatu waliofanya kazi Same mjini walikuwa wakipanda Jumapili moja moja kutusalimia, na hadithi yao ilikuwa moja tu: mvua ya Bukoba, samaki wa Bukoba, senene wa Bukoba. Ungewasikiliza ungedhani wamefukuzwa peponi. Ila hakuna hata mmoja niliyewahi kumwona akifunga mizigo.

Mama alikuwa akicheka nao, lakini wakiondoka alibaki akitazama ukungu. Aliisema methali yake kila siku, kwamba nyumbani ni nyumbani hata kama ni kichakani. Makande hakuyagusa. Aliyaita chakula cha adhabu, mahindi na maharage yaliyofungwa kifungo kimoja. Jioni moja, tukiwa mezani, alimwambia Baba bila kupandisha sauti, "Baba Koku, mimi nimekufuata na sijutii. Lakini mgomba haupandwi changaraweni ukakua. Hii yangu ikimaliza kiangazi salama, nitajua nchi hii imenikubali, nami nitakaa. Ikifa, mimi na watoto tunarudi, wewe utatukuta likizo." Baba alicheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake, akaacha. Mimi nilirudisha tonge sahanini. Nilikuwa nimeshampata Nakijwa, binti wa jirani, rika langu, aliyenifundisha kuteleza kwenye mteremko juu ya gome la mgomba, kula matunda ya porini yanayotia ulimi rangi ya zambarau, na kutukana kidogo kwa Chasu, lugha ya Wapare. Sikutaka kurudi popote. Tangu siku ile, kila asubuhi kabla ya kunawa uso nilikwenda nyuma ya jiko kuitazama migomba.

Kiangazi kilipoingia nikajua kwa nini Mama alikuwa na haki ya kuogopa. Bukoba mvua haiombwi. Inakuja yenyewe hata pasipo na shughuli nayo. Mhezi, baada ya masika, mbingu hufunga duka, na watu huishi kwa ndiva, yaani bwawa dogo la udongo na mawe lililojengwa mlimani na mababu. Maji ya kijito hujaa humo usiku kucha, asubuhi hufunguliwa, yakateremka kwa mfereji kutoka shamba hadi shamba, kila kaya kwa zamu yake. Sisi hatukujua, hata Baba aliyeishi bwenini mwaka mzima. Tuliuona mfereji ukipita pembeni mwa kiwanja chetu tukadhani ni wa kupitishia maji ya mvua.

Alfajiri moja, Baba akiwa ameteremka Same kwa shughuli za shule, mbiu ililia. Ilikuwa pembe kubwa ya mnyama, na sauti yake ilitoka mgongo mmoja wa mlima ikajibiwa na mgongo mwingine, nzito na ndefu, mpaka vikombe kabatini vikagongana. Mama aliruka kitandani. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na kwa alivyolelewa yeye, kelele ya alfajiri ilikuwa na maana mbili tu: mtu amekufa au mwizi ameonekana. Aliweka komeo, akaburuta meza ya kulia akaiegemeza mlangoni, akatuingiza mimi na Mujuni chini ya kitanda na rozari. Mimi nilijipenyeza nikachungulia ufa wa dirisha. Watu walikuwa wakipita kwa makundi, wanaume kwa wanawake, wote na majembe, sururu na makarai, wanakwenda upesi na wanacheka. Nilipomweleza Mama nilichokiona, alishika kifua. "Maawe! Na wanacheka? Huyo mwizi leo atazikwa mzima mzima."

Halafu wakaja kwetu. Tulisikia nyayo, tukasikia hodi, na sauti ya Mama Nakijwa, "Mama Koku! Mmeamkaje? Haya, twendeni basi, tunachelewa." Mama akaweka kidole mdomoni. Hodi ya pili, ya tatu. Mujuni akapiga chafya, Mama akamziba pua. Kisha tukasikia mwanamke mwingine akisema, "Si nilikwambia? Hao ni watu wa juu, hawawezi kushika tope." Nyayo zikaenda zake. Tulikaa ndani hadi jua lilipopanda, tukala ndizi za jana, tukisubiri kusikia nani ameuawa.

Hakuuawa mtu. Ilikuwa msaragambo, kazi ya kijiji kizima, ambayo Mpare haitwi mara mbili. Siku ile walikwenda kuzoa tope ndani ya ndiva ili ishike maji ya kiangazi. Na sheria yake haikuandikwa popote lakini kila mtoto aliijua: asiyezoa tope hana zamu ya maji. Wiki iliyofuata mfereji uliimba kuteremka, ukanywesha maharage ya kina Nakijwa, ukanywesha mahindi ya waliokuwa chini yetu, ila mdomo unaoingia kwetu ulikuwa umezibwa kwa jiwe na udongo wa nyasi. Mama alisimama akalitazama lile jiwe kwa muda mrefu. Alisema tu, "Wametubagua," akaingia ndani. Salamu zikapungua. Mama Nakijwa alipita njiani akiangalia mbele, na Mama akafua nguo akiwa ameipa njia mgongo. Majani ya migomba yakaanza kugeuka njano kingoni, kisha yakainama, na mimi nilikuwa nayamwagia maji ya kuoshea vyombo huku nikiyasihi kwa lugha mbili. Nilikuwa na huzuni ya kweli. Nilishaanza kumgawia Nakijwa vitu vyangu, kama mtu anayesafiri.

Nilipompa mdoli wangu, Nakijwa aliniuliza kwa nini. Nikamwambia tunarudi Bukoba kwa sababu migomba inakufa. Akasema, kwa ule ukweli wa Kipare usio na sukari, "Itaachaje kufa? Hamkuja msaragambo. Mlijifungia." Nikamwambia tulijifungia kwa sababu mlikuwa mnakwenda kuua mtu, Mama akaegemeza meza mlangoni, sisi tukawa chini ya kitanda na rozari. Nakijwa alinitazama, akatazama mdoli, akatoka mbio kwenda kwao. Sijawahi kusikia kicheko kama kilichotoka katika nyumba ile. Kilianza na mtu mmoja, kikawa cha wawili, kikamtoa Mama Nakijwa nje akaketi chini ya dirisha lake mwenyewe akijipangusa macho kwa khanga.

Alikuja kwetu jioni ile ile. Mkono mmoja alishika bakuli la makande yanayofuka moshi, mkono mwingine jembe jipya lenye mpini uliochongwa vizuri. Mama alisimama mlangoni amekaza uso. Mama Nakijwa akavuta pumzi ili aseme kwa heshima, akaangalia ile meza ya kulia, akapasuka tena kucheka. "Samahani, Mama Koku, samahani sana mwenzangu. Eti tunakwenda kuua mtu! Na wewe uko humo ndani na rozari!" Uso wa Mama ulipambana kidogo, ukashindwa. Walicheka mpaka Mujuni akaanza kulia kwa hofu. Walipotulia, mgeni wetu aliweka jembe ukutani. "Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe una miezi hapa na jembe sijakupa. Kosa ni langu. Jumamosi mbiu inalia, tunatengeneza mfereji." Mama alipokea bakuli kwa mikono miwili. Alikula makande yote amesimama, na kijiko alikilamba.

Jumamosi mbiu ilikuwa haijamaliza kulia, Mama yuko nje. Lakini kwao mtu haendi kwenye hadhara kama mpiga debe, kwa hiyo alikwenda kwenye tope amevaa gomesi, gauni refu la sherehe, mabega yamesimama, mkanda unang'aa, jembe begani. Mlima mzima majembe yalisimama hewani. Nilikuwa nyuma yake nimebeba karai nikatamani ardhi ipasuke. Akafika penye mfereji, akawasalimu wazee shikamoo mmoja mmoja bila kuruka mtu, akaikunja gomesi mpaka magotini, akaifunga fundo, akaingia topeni. Mtu wa kwanza kupiga vigelegele alikuwa yule mwanamke aliyesema sisi ni watu wa juu. Mchana walipopumzika, Mama alizungusha kikapu cha kahawa, akawaonyesha namna ya kuipasua kwa meno ya mbele na kutema ganda. Wengi walikunja uso, lakini Mama Nakijwa alitafuna punje tatu, akatangaza kuwa hii ndiyo kahawa ya mtu mwenye haraka.

Zamu yetu ilifika Jumatano. Mama Nakijwa mwenyewe ndiye aliyeondoa lile jiwe, na maji yakaingia kwetu ya baridi, yamebeba majani na povu, yakazunguka shina la kwanza na la pili kana kwamba yanapajua. Mimi na Nakijwa tulikanyaga ndani ya mkondo tukipiga kelele na hakuna aliyetugombeza. Mama alichuchumaa pale kwenye matope, akaweka kiganja ndani ya maji, akasema "Karibuni," kwa Kiswahili, si kwa Kihaya. Kabla ya mvua za vuli mgomba wa kati ulichomoa jani jipya, jembamba, limejiviringa, na nikaligundua mimi. Nilipiga mayowe hadi Baba akatoka na povu la sabuni kidevuni. Mama alilitazama, akamtazama Baba, akasema tutahitaji kabati kubwa zaidi. Nilikimbia kumwambia Nakijwa. Mkungu wa kwanza ulipokomaa baadaye, Mama aliufunga kwenye majani, akaupika kwa maharage ya kina Nakijwa, na mpaka leo kijijini kuna chakula ambacho si matoke wala si makande na hakuna anayekubali kwamba kilianzia kwa mwenzake.

Sasa naishi Dodoma, katika nyumba yenye bomba jikoni na bomba bafuni. Maji sisubiri zamu wala sizoi tope la mtu. Geti letu linajifunga lenyewe, na jirani wa upande wa kushoto namjua kwa rangi ya gari lake tu. Baba amestaafu, amejenga Bukoba, na kila mwaka anamwambia Mama kwamba nyumba imekamilika, twende. Mama humjibu kwamba nenda ukawasalimie. Nshakala zake zimejaa mteremko mzima, kila nyumba imeomba mche. Wiki iliyopita alinitumia mkungu kwa basi, nikampigia kumshukuru, nikamuuliza lini atakuja kumwona mjukuu wake. Alikuwa anaanza kunieleza habari za mvua mara nikaisikia nyuma yake ile pembe, nzito, ndefu, inajibiwa na mlima wa pili. Siku hizi msaragambo hutangazwa kwenye kundi la simu pia, lakini pembe haijaacha kulia.

"Koku, mbiu hiyo," alisema. "Nitakupigia." Akanikatia.

Nikabaki na simu mkononi nacheka peke yangu sebuleni, kisha nikauona mlango wangu. Ulikuwa na komeo juu, komeo chini, na ufunguo umezungushwa mara mbili, saa nne asubuhi. Nikakata chane mbili za zile ndizi, nikafungua komeo la juu, nikafungua la chini, nikaenda kupiga hodi kwa mwenye gari jeupe.