Thamostati Niliyoitoa kwa Mkono Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana moja ya Kitale iliyotengeneza pikapu na matrekta ya wakulima, Foremani alinipa spana kabla hajaniuliza jina. Akanionyesha kifaa kidogo cha kutosha kiganjani, kilichokaa pale mpira wa maji unapoungana na injini.

"Hii ni thamostati," akasema. "Inazuia maji mpaka injini ipate moto. Wazungu waliweka juu ya baridi yao. Hapa kwetu ni ya nini? Toa, tupa."

Nikatoa. Kutupa sikutupa, maana mimi ni mtu wa kuweka vitu, nikaitia kwenye mkebe wa kakao. Kwa miaka mingi kila gari lililopita mikononi mwangu liliniachia thamostati yake, na pikapu zile za zamani hazikulalamika. Nikajiona fundi kamili, wa kufundisha wengine.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilihamia hospitali moja ya misheni huko Bungoma, nikawa fundi wao wa pekee. Walikuwa na minivan kuukuu iliyofika nchini ikiwa tayari imechoshwa na wengine. Kila Jumanne ilipandisha wauguzi na chanjo hadi Kapsokwony. Kitu cha kwanza nilichoifanyia mnaweza kukikisia.

Haikupita miezi miwili, injini ikachemka kwenye mlima wa kwenda Kapsokwony, gasketi ikaungua. Kwa msiojua, gasketi ni kipande chembamba kinacholala kati ya bloku ya injini na kifuniko chake, yaani silinda hedi. Ikiungua, maji na oili visivyofaa kukutana hukutana, na ukichomoa kijiti cha kupimia oili unaona rangi ya chai ya maziwa. Nilipeleka hedi ikasawazishwa kwa mashine, nikaweka gasketi mpya, nikakaza boliti kuanzia katikati kwenda nje, kama inavyotakiwa. Ikaungua tena, kwenye mlima uleule. Matroni, aliyekuwa msimamizi wa hospitali, akaniita ofisini.

"Fundi, shida ni nini?"

"Ni dereva, Matroni. Anakanyaga sana kwa mlima."

Nilisema hivyo bila kupepesa jicho. Dereva alikuwa Mzee Wanjala, mtu mpole mwenye watoto shuleni. Akaandikiwa barua ya onyo. Gasketi ya tatu ilipoungua, Matroni alituita sote wawili.

"Fundi atatengeneza mara ya mwisho," akasema. "Nikisikia imechemka tena, Mzee, utatuachia funguo."

Tulipotoka nje, Wanjala akanisimamisha karibu na gari.

"Fundi, mimi si msomi wa injini. Lakini jana ikichemka niligusa lejeta huko chini. Iko baridi, bana! Sasa kama maji ya moto haiendi huko kupoa, si unielezee inaenda wapi?"

Swali hilo lilinikera. Niliposhika kazi nilifuata njia za maji kwa kidole, moja baada ya nyingine, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa sababu nilijua kila kitu. Nikakuta njia ya mkato ambayo pikapu za Kitale hazikuwa nayo. Nikauchukua mkebe wangu, nikatafuta thamostati ya minivan, nikaenda nayo jikoni na kuitumbukiza kwenye sufuria ya maji.

"Fundi, hiyo nayo ni mboga gani?" mpishi akauliza.

Maji yalipokaribia kuchemka, kifaa kilifunguka juu, na kisahani chake cha chini kikashuka. Nikaelewa. Kisahani hicho ndicho huziba njia ya mkato. Nilipokitoa, maji ya moto yakawa yanarudi injini bila kupita kwenye rejeta, kule mbele yanakopozwa. Gasketi zote tatu niliziua mimi.

Ningeweza kuirudisha thamostati kimyakimya, gari lipone, nipigiwe makofi. Shetani alinishauri hivyo, na nusura nimsikilize. Nikabeba sufuria hadi ofisini.

Matroni alitazama, akasikiliza mpaka mwisho. "Kwa hivyo ulimsingizia Mzee?"

"Ndiyo, Matroni."

Akaitoa barua kwenye faili, akaichana. "Sasa nenda umwambie mwenyewe. Na Jumanne utapanda nao."

Nilipomwambia Wanjala, alisema, "Sawa," basi.

Nikairudisha thamostati mahali pake, na Jumanne nikakaa nyuma yake na jerikeni la maji ya mfereji, ya kuongeza kwenye rejeta ikichemka, katikati ya miguu, macho kwenye mshale wa joto. Mlima ukaja, mshale ukatulia. Tulifika Kapsokwony jerikeni likiwa halijafunguliwa. Wauguzi wakachemsha chai kwa maji hayo. Kikombe cha kwanza Wanjala aliniletea mimi.

"Kunywa," akasema. "Ni maji ya lejeta."

Sijawahi kunywa chai tamu kama ile.

Sasa nimestaafu. Vijana wa siku hizi wana mashine za kuusoma ugonjwa wa gari, nami nazifurahia kweli. Nawaomba jambo moja tu: gari likikushinda, anza kukagua ulichokifanya wewe, kisha mwulize dereva. Wanjala naye amestaafu, na Jumapili baada ya kanisa hupita kwangu. Mke wangu akishamimina chai, mzee huyo hukiinua kikombe, akachungulia ndani kwa makini, na kuuliza:

"Fundi, hii ni maziwa, ama gasketi imeungua?"