Kaka yangu alinyweshwa mafuta ya mbarika kwa sababu ya neno moja

Wakuu, salaam. Ninayoyaandika hayana chumvi. Mwenyewe yuko hai, na wajukuu zake wamo humu, wataniumbua.

Tulikulia Jang'ombe, miaka michache baada ya Mapinduzi. Kaka yangu Haji ndiye mkubwa, kisha sisi wadogo zake, walafi wote.

Haji alikuwa na akili za kutisha. Majirani wakileta watoto awafundishe hesabu, alikuwa anakosea makusudi ili wao wamsahihishe. Kuna mmoja wao, sasa ni mzee, mpaka leo anaamini yeye ndiye aliyemfundisha Haji. Tunamwacha hivyo hivyo.

Sasa tatizo. Mchele ulikuwa wa foleni, na sote tulikula sinia moja. Haji akila matonge machache, anajifuta mkono.

"Nshashiba, mama."

Kila siku. Akakonda. Mama akaamua mtoto ana minyoo, akamnywesha mafuta ya mbarika. Haji akanywa, akashukuru. Minyoo haikutoka, maana haikuwamo.

Mama akaingiwa na hofu ya kweli. Akasema Haji aache skuli, apelekwe kwa bibi kule Makunduchi akatibiwe. Na mtihani wa kuingia sekondari ulikuwa umekaribia, mtihani alioutaka kuliko kitu chochote. Haji akafunga nguo zake.

Kabla hajaondoka, jirani yetu Bi Salma alisoma hitima ya marehemu mumewe. Sisi wadogo tulikuwa na surua, akaenda Haji peke yake. Alasiri Bi Salma akaja kwetu anacheka.

"Huyu mgonjwa wa nini? Kakomba sinia la pilau, nkamwongeza, kakomba tena!"

Mama akatugeukia sisi. Tulikuwa wanene hata na surua.

Kesho yake akampakulia Haji sahani yake mbali na sisi. Haji akaipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante, akaimimina kwenye sinia letu.

Mama akalia. Mimi nikaendelea kula.

Makunduchi hakwenda. Alifanya mtihani, akapita, akawa mwalimu. Siku hizi anakaa Michenzani. Juzi nimekula kwake: wali kidogo, wajukuu wengi. Nikala matonge mawili, nikajifuta mkono.

"Nshashiba, kaka."

Akanitazama, kisha akamwita mkewe. "Yale mafuta ya mbarika yapo?"

Nampenda sana huyu mtu, na sijawahi kumwambia.

Nilichojifunza ni kumwangalia vizuri anayewahi kushiba. Karibuni mchangie wakuu: kwenu nani alikuwa wa kwanza kujifuta mkono?